Neno la Maji la Koko Ana

Faida na Rehema,

Mmeniuliza mara tatu kwenye simu kulitokea nini siku ile mama alipokwama kazini, na mara zote tatu nimejibu, "Tulifika salama." Mnanijua. Mtu akiniuliza jambo kwa sauti, maneno yananikimbia, hata kama anayeuliza ni nyinyi. Kwa hiyo nimechukua daftari. Nitaandika mambo yalivyokuwa, na pale nilipoaibika nitaandika pia, ila msimsomee mtu mwingine, hasa kaka yake Rehema.

Jambo lenyewe ni hili. Mama anatunza wazee majumbani mwao. Jumatano walimpeleka kwa bibi mmoja Herndon, upande wa Virginia, ashike nafasi ya mtunzaji aliyekwenda likizo. Sisi tunakaa Hyattsville, upande wa Maryland, na katikati pana jiji zima na mto wake. Bibi mwenyewe anaitwa Ana. Mama alianza kumwita Koko Ana siku ile ile, kama tunavyowaita bibi zetu sisi watu wa Uvira. Koko huyo alipata kiharusi mwaka jana, Kiingereza chote kikamtoka, ikabaki lugha ya kwao tu. Na tangu Jumatano mchana alikuwa anakataa maji. Chakula alikionja kidogo, lakini glasi ikisogea aligeuza uso. Joto la Julai la huku nyinyi hamlijui. Si kama la Kigoma, ambako upepo wa ziwa unakuja kukusaidia. Hili linakulalia kifuani kama blanketi lililoloa.

Alhamisi asubuhi mama akapiga simu.

"Solange, unasikia? Yule mwenzangu wa kunipokea hakuja, eti gari yake imekufa njiani. Nitalala tena huku. Niletee dawa zangu za presha, na nguo, na chakula. Halafu uniambie, hawa watu wa upande wa Urusi-Urusi, maji banaita namna gani?"

"Kwani ni Mrusi?"

"Mi sijui! Mutoto wake yuko ndani ya ndege mpaka jioni. Kwenye karatasi ya ofisi, pale pa lugha, wameandika tu 'Kislavi'."

Nilicheka, halafu kicheko kikakauka. Ni sawa na koko yangu alazwe mahali, waandike: lugha, Kibantu.

Nikatafuta kwenye simu. Kirusi, Kipolandi, Kicheki, Kibulgaria, Kiserbia, Kiukreni, kote ni voda, voda, voda. Hapa herufi moja imebadilika, pale ni mwandiko wao mwingine, lakini neno ni lile lile. Ni kama sisi na maji yetu: wanaoongea Kilingala wanasema mai, Warundi amazi, na Anti Njeri wa ghorofa ya chini akiongea na dada yake kwa Kikikuyu naye ni mai. Nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha.

"Mama, sema voda."

"Nimekwisha kusema voda! Jirani wa huku aliniandikia jana, naye hajui Koko ni wa wapi. Ninasema voda kutoka asubuhi, ananiangalia kama nimemtukana." Kisha sauti yake ikashuka. "Muuguzi wa ofisi amesema ikifika saa kumi hajakunywa, anaita gari ya wagonjwa. Na ni haki yake, mi sibishi. Lakini Koko akisikia neno hospitali ananishika mkono, Solange, mpaka kucha zinaingia. Jirani anasema bwana yake aliingia huko hakutoka. Uliza watu njiani. Watu wenyewe, si simu. Usikilize banasema na sauti gani, uje useme vile vile. Labda mimi ninasema vibaya."

Uliza watu. Mimi! Mimi ambaye kwenye basi nasubiri abiria mwingine abonyeze kengele ili nisigeuziwe macho.

Nyumbani hadi stesheni

Nilitoka saa tatu. Kwa kawaida safari hii ni ya saa mbili, basi moja hadi stesheni ya treni, treni mbili, halafu basi jingine. Nilibeba mfuko wa nguo, dawa, na bakuli la sombe, kisamvu chenu, ambalo mama alilipika Jumanne. Ndani ya sombe kulikuwa na ndagala. Kwenu dagaa. Sikufikiria mbali.

Kituoni nikamkuta Anti Njeri anaenda kazini, hospitali moja ya Arlington. Anti Njeri ni mtu mzuri sana lakini hana sauti ya chini. Aliniuliza naenda wapi, nikamweleza yote, na nilipomaliza nikajua nimefanya kosa.

"Aki Solange, na hiyo ni kitu ndogo! Hii mji iko na kila aina ya mtu. Tutauliza tu."

"Anti, tafadhali, taratibu."

"Taratibu ya nini? Bibi ako na kiu, wewe uko na haya. Nani mgonjwa hapo?"

Akanipa mandazi mawili kutoka kwenye mkoba wake, yamefungwa kwa karatasi ya jikoni, akasema nile kwa sababu nimekonda kama mwiko. Nikala.

Treni ya kijani

Tulipita stesheni chache tu, treni ikasimama. Dereva akatangaza kwamba reli zimepata joto sana, treni zote zitakwenda polepole, tuwe na subira. Tukaenda kidogo, tukasimama tena. Tukasimama sana. Kipoza hewa kilikuwa kinapumua kama mzee anayepanda ngazi, na hapo ndipo ndagala wakaamka.

Kwanza mama mmoja mbele yangu alinusa, akaangalia viatu vyake. Halafu kijana mmoja akahama kiti. Nikalikumbatia bakuli, nikalifunika kwa nguo za mama, ikawa vibaya zaidi kwa sababu sasa nilionekana kama ninaficha kitu. Jasho likanitiririka mgongoni.

Anti Njeri akaona watu wote wametuangalia, basi yeye akaona ndiyo nafasi. Akasimama, akashika nguzo.

"Samahani jamani!" akasema kwa Kiingereza chake cha kanisani. "Kuna Mslavi humu ndani?"

Watu wakainamia simu zao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila tulikuwa tayari chini ya ardhi.

"Inategemea nani anauliza," akasema mzee mmoja karibu na mlango. Alikuwa na sanduku la vyombo vya kazi miguuni na vumbi jeupe la ukuta hadi kwenye kope. "Polisi au shemeji yangu?"

"Ni huyu mtoto anauliza," Anti akasema, akanisukuma bega. "Si uongee! Mdomo umebandikwa na gundi?"

Nikaongea. Sikumbuki nilisema nini, ila nilisema haraka na nikiangalia sanduku lake. Kwamba kuna bibi, hatujui ni wa wapi, hanywi, na ikifika saa kumi atapelekwa hospitali, naye anaogopa. Mzee akasogea karibu. Kumbe ni Mpolandi, fundi wa plasta, amekaa huku miaka mingi.

"Voda," akasema. Alianza na nguvu, akamalizia kwa upole, kama mtu anayeweka mzigo chini. VO-da. "Sema."

"Voda."

"Bibi yako ana masikio ya popo? Sema kama mtu anayetaka maji."

"VO-da," nikasema, na gari zima lilisikia.

"Hapana, hapana," msichana mmoja akaingilia kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa Mbulgaria, mwanafunzi, na vitabu vyake vilikuwa vimelowa jasho. "Sisi tunasema vo-DA. Nguvu inakuja mwisho. Bibi yangu angemsikia huyu baba angesema amejikwaa."

"Na bibi yangu angesema wewe umeamka vibaya," mzee akajibu.

Wakaanza kubishana, kila mmoja akilisema neno lake, VO-da, vo-DA, na Anti Njeri katikati yao akilirudia kama mwalimu wa kwaya. Watu waliokuwa wameziba pua wakaanza kucheka. Mzee akaniambia niwe mwangalifu, kwamba kwao ukichomeka herufi moja tu katika neno la maji unapata kinywaji kingine, na hicho bibi angekipokea bila kuitwa mara mbili. Anti akamwambia aache kumharibu mtoto wa wenyewe.

Treni ilipoondoka mzee aliinama, akanusa bakuli langu waziwazi.

"Samaki wadogo?"

"Ndiyo. Samahani sana."

"Samahani ya nini? Mama yangu aliwakausha juu ya jiko. Nyumba nzima ilinuka hivi hivi." Akafunga macho kidogo. "Usiombe samahani kwa samaki."

Nimeandika maneno hayo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili.

Arlington

Tulibadilisha treni mjini, tukangoja, tukavuka chini ya mto, na stesheni ya kwanza upande wa Virginia wakatutoa wote. Treni haziendelei, mabasi yatatuchukua. Saa saba ilikuwa imepita. Anti Njeri alikuwa amechelewa kazini, akaondoka mbio na raba zake nyeupe, akinipigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara, "Uliza! Usinyamaze kama mlango!"

Foleni ya mabasi ilikuwa ndefu, yote juani, ikizunguka jengo la ofisi la vioo vitupu. Mbele yangu alisimama mwanamke wa rika la mama, amebeba mche wa mnyanya ndani ya ndoo ndogo, na kila jua liliposogea alihamisha ndoo ili mche ubaki kwenye kivuli chake. Alikuwa anaongea kwenye simu. Sikuelewa hata neno, lakini ilikuwa na mlio ule ule wa mzee wa treni, kama maneno yanatembea juu ya majani makavu.

Nikajua ninapaswa kuuliza. Faida, niliipanga ile sentensi dakika ishirini, bila uongo. Alimaliza simu, nikafungua mdomo, simu ikaita tena. Akamaliza, nikafungua mdomo, foleni ikasogea. Mama akanitumia ujumbe: *Bado. Midomo yake inapasuka. Uko wapi?*

Nikamgusa mwanamke yule begani. Mimi, nikamgusa mtu nisiyemjua.

"Samahani. Wewe ni Mrusi?"

Uso wake ukafungwa. Sijui namna nyingine ya kusema, ulifungwa kama duka.

"Hapana," akasema, akageuka mbele.

Nikabaki nimesimama na masikio yanawaka. Nikafikiria kurudi mwisho wa foleni nisimwone tena. Lakini ule ujumbe wa mama ulikuwa bado mkononi, na nikasema kwa ule mgongo wake, kwa sababu kwa mgongo ilikuwa rahisi zaidi, "Kuna bibi hataki kunywa maji. Hatujui ni wa wapi. Mama yangu anamtunza. Nataka tu kujua mnasemaje maji."

Kwanza aliisogeza ndoo yake kivulini. Halafu akageuka.

"Mimi ni wa Ukreni," akasema. "Hukujua. Shika hii." Akanipa ndoo ya mnyanya, akatafuta kalamu.

Basi

Tulikaa kiti kimoja, mnyanya magotini kwangu, sombe miguuni kwake. Basi lilikwenda kama linahesabu nguzo. Akaniambia kwamba vita vilipofika mjini kwao mabomba yalikauka, wakawa wanachota maji kwenye lori na kupandisha ghorofa ya tisa kwa miguu, na kila jirani alijua chupa za mwenzake kwa rangi ya kifuniko. Nikamwambia kule kambini Kigoma sisi pia tulipanga ndoo foleni na kila mtu alijua ndoo ya mwenzake, na ukihamisha ya mtu ni ugomvi wa wiki. Hapo akacheka mara ya kwanza. Mimi sijawahi kuzungumza na mtu mgeni muda mrefu namna ile, na sikugundua mpaka baadaye.

Akashika kiganja changu, akaandika kwa kalamu. "Hivi ndivyo sisi. Vo-DA, na hiyo *o* uijaze, usiimeze." Akasita. Kalamu ilibaki hewani. "Huyo bibi yako. Anaweza kuwa Mrusi."

"Sijui. Kweli sijui."

Aliangalia nje. Magari yalikuwa yamesimama pande zote, vioo vinameremeta.

"Wao wanasema va-DA," akasema, na akaliandika chini ya lake. Alikaza mkono hadi ikaniuma kidogo. "Mwambie hivyo pia. Ni mzee. Anywe."

Alishuka kabla yangu na mnyanya wake. Hakusema jina lake, na mimi nilikuwa bado nawaza nimuulizeje, mlango ukafungwa.

Sasa inakuja aibu yenyewe. Kwenye basi la pili, lile la mtaani kwa Koko Ana, kituo changu nilikiona. Nilikiona vizuri, na duka la matairi pembeni kama mama alivyoelekeza. Basi lilikuwa kimya, nikangoja mtu abonyeze kengele. Hakuna aliyebonyeza. Kikapita. Mikono yangu ilikuwa magotini, na kengele ilikuwa juu ya kichwa changu. Nikabonyeza kituo kilichofuata, mbali kabisa, ng'ambo ya barabara kubwa isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Ilikuwa saa tisa na robo. Nikakimbia na mfuko na bakuli kando ya ile barabara, nikilia kwa hasira, na madereva wakinishangaa, kwa sababu huku mtu akikimbia barabarani na mizigo wanadhani ameiba.

Nyumbani kwa Koko Ana

Mama alifungua mlango kabla sijagonga. Hakunisalimia. Aliniangalia, akapangusa uso wangu kwa kiganja, akanivuta ndani. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika thelathini na tano.

Koko Ana alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Mdogo sana, miguu juu ya kigoda, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja na kuzungushwa kichwani. Mama ndiye aliyezisuka, nilijua kwa jinsi zilivyokazwa. Midomo yake ilikuwa imekauka na kuchanika. Mezani palikuwa na jagi na glasi yenye mrija.

Nikapiga goti bila kufikiri, na kilichonitoka kwanza kilikuwa "Shikamoo." Mnaona nyinyi mlivyoniharibu. Halafu nikafungua kiganja. Jasho lilikuwa limefuta nusu ya wino, lakini maneno nilikuwa nayo kichwani.

"VO-da," nikasema, la mzee wa Poland.

Akanigeukia.

"Vo-DA," la Mbulgaria. Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Alikuwa anacheka!

Nikasema la yule mama wa mnyanya, nikaijaza *o* kama alivyonifundisha. Nikasema na la Kirusi. Koko Ana alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa kila moja, si kukataa, ni kama mtu anayesomewa majina ya majirani wa zamani. Nilipokwisha akainua mkono wake mzima, akaugonga kwenye goti langu, akasema kwa taabu, kwa ule upande mmoja wa mdomo:

"Voda."

Kwa masikio yangu lilikuwa sawasawa na la yule mzee wa plasta. Jioni mwanawe alipotua alitupigia simu akatueleza: wao ni Waslovaki, lakini wa kijiji kilichoko Serbia, babu zao walihamia huko zamani. Anasema ofisi aliwaeleza hivyo hivyo, karani akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika 'Kislavi'.

"Amesema!" Mama akaruka. "Solange, amesema! Anajua!" Akanyakua glasi, akaipeleka mdomoni kwa mikono miwili, "Voda, Koko, voda, aksanti, kunywa—"

Koko Ana akageuza uso.

Hapo, rafiki zangu, nilihisi kama nimerudi Hyattsville na ninaanza tena. Neno analijua. Alilijua tangu asubuhi, hata lilipotoka kwa mama. Nimezunguka jiji zima kumletea kitu ambacho hakikupotea.

Mama aliketi kitandani. Alikuwa amechoka mpaka macho yameingia ndani. Akatoa chupa yake ya chai kwenye mkoba, ile ya chuma anayotembea nayo, akajimiminia kwenye kifuniko, akanywa.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Ona anavyoniangalia. Tangu jana, kila nikikunywa ni hivi. Mi nafikiri hapendi mutu kama mimi anywe ndani ya nyumba yake. Nimeanza kwenda kunywea kule bafuni."

Nikamtazama Koko Ana. Kweli alikuwa anaangalia, bila kupepesa. Lakini hakuwa anamwangalia mama, macho yake yalikuwa kwenye kile kifuniko.

Akainua mkono, akaionyesha chupa. Halafu akanyoosha kidole, akakichovya kwenye glasi ya mezani, vipande vya barafu vikagongana. Akakitoa, akakigusisha kooni, akakunja uso wote kama amemeza msumari.

"Mama," nikasema, "wewe unakunywa nini hapo?"

"Maji tu. Ya vuguvugu. Si unajua baridi mi siwezi, kifua kinanikamata."

"Na yeye umempa ya barafu."

"Ndiyo, barafu nyingi! Darasani walitufundisha hivyo, wazee wa hapa jagi lijae barafu, ubadilishe kila saa mbili. Sijakosa hata mara moja. Nimeamka..." Akaangalia jagi. Akaangalia chupa yake. "Koko yako Uvira ningempa barafu?"

"Angekufukuza na fimbo."

"Mi nilifikiri wazungu ni wazungu," mama akasema polepole. "Nilifikiri wote wanakunywa hivi."

Saa ilisema tisa na dakika arobaini na saba. Maji ya kwenye chupa yalikuwa yamebaki tone, na isitoshe ofisi inakataza kumpa mgonjwa kitu cha kwako. Mama akawasha birika. Mimi nikasimama mbele ya birika kana kwamba kulitazama kunaliharakisha. Lilipochemka mama alichukua vikombe viwili vya udongo kabatini, akamimina, akaja navyo hadi mbele ya kiti, akaanza kupoza kama anavyotupozea uji: kikombe cha juu, kikombe cha chini, maji yananyooka kama uzi, anageuza, tena. Hakumwaga tone kwenye zulia. Koko Ana alifuata ule uzi kwa macho, juu, chini, juu, na mdomo wake ukaanza kufunguka wenyewe.

Mama akajidondoshea kidogo kwenye kifundo cha mkono. Akaweka mrija pembeni. Akamshikia kikombe kwa mikono miwili.

Koko Ana alikunywa. Fundo dogo, akangoja, mama naye akangoja, kama alivyofundishwa kwa watu wa kiharusi, usiwaharakishe. Fundo jingine. Nilimsikia anameza. Kikombe kikaisha, akakishika kisiondoke, mama akapoza kingine. Alikuwa anaongea naye muda wote kwa Kiswahili cha nyumbani, "Nisamehe, Koko. Mi niko mujinga. Kunywa, mama yangu, kunywa polepole," na Koko Ana alikuwa anaitikia kwa koo, mm, mm, kati ya fundo na fundo.

Saa kumi kamili simu ikaita. Mama aliniashiria niipokee kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye kikombe. Muuguzi aliuliza kwa sauti ya mtu mwenye orodha ndefu: amekunywa?

"Amekunywa," nikasema. Sauti ilitoka bila kutafutwa. "Kikombe kimoja na nusu. Bado anakunywa."

"Mmempa nini?"

"Maji. Bila barafu. Tafadhali liandike hilo, bila barafu. Na andika pia Kislovaki au chochote tutakachokuambia jioni, usiandike Kislavi."

Mama akageuka kunitazama kana kwamba kuna mtu mwingine ameingia chumbani. Muuguzi akasema ameandika, gari halitaitwa, ila apigiwe saa mbili usiku tena. Nilipokata simu nikaketi pale pale kwenye zulia. Jasho lilikuwa bado linanichuruzika kidevuni, na nilikuwa nanuka ndagala, mnyanya na barabara.

(Hilo la Kislovaki nimelitia mimi sasa, baada ya kujua. Kwenye simu nilisema tu asiandike Kislavi. Niliahidi kuandika ukweli.)

Koko Ana aliniangalia kutoka juu ya kikombe chake, tangu nywele hadi viatu. Akanyoosha ule mkono mzima, akaisukuma glasi ya barafu juu ya meza, polepole, ikiacha mstari wa maji nyuma yake, mpaka ikafika mbele ya uso wangu.

"Voda," akaniambia. Na safari hii ilikuwa amri.

"Kunywa basi," mama akasema. "Mgeni ni wewe."

Nikanywa yote bila kupumua. Barafu ilipobaki nikaitafuna, krah, krah, na kila nilipotafuna Koko Ana alikuwa anafumba macho na kushika shavu lake kwa uchungu, kama meno yale yalikuwa yake.